Masika Iko?

Biira, jana nimesoma faili uliloniletea nyumbani ili nikusomee mwandiko wangu mwenyewe, na nimekasirika mpaka chai ikapoa. Nilikuwa nimewaahidi wewe na wenzako mnaoshika kazi yangu sasa kumbukumbu za miaka yangu ya kazi, zile mlizoniomba siku ya kustaafu kwangu mliponipa saa ya ukutani na keki. Nilipanga kuanza kwa upole. Lakini kwenye ukurasa wa mwisho wa faili hilo, kwa mwandiko mzuri ambao mimi sikujaliwa, umeandika hivi kuhusu mtoto wa Bwera anayeitwa Masika: "Kila akija husimama mlangoni na kurudia 'Musawo iko?' mara nyingi. Ni mwangwi tu, hauna maana. Mama ashauriwe kumwachisha."

Si wewe hasa uliyenikasirisha. Nimekasirika kwa sababu sentensi hiyo naijua. Niliiandika mimi, karibu neno kwa neno, kuhusu mtoto huyohuyo, kwenye ukurasa wa pili wa faili hilohilo, alipokuwa na miaka minne. Ungeiona kama mwandiko wangu ungesomeka. Kwa hiyo safari hii naandika polepole, herufi moja moja, na vyeo na mishahara sitavigusa. Vyeo vilikuwa viwili, na mshahara mnaujua.

Niliingia katika kazi hii kwa bahati. Nilikuwa nesi, musawo kama watu wanavyotuita, wa wodi ya watoto Kasese, na nikapelekwa kozi ya wiki sita ya kuwasaidia watoto wasioongea kwa sababu nesi aliyepaswa kwenda alikuwa ametoka kujifungua. Niliporudi nilipewa chumba kule Nyamwamba kilichokuwa stoo ya magodoro, meza yenye miguu mitatu mizima, na boksi la kadi za picha lililotoka ng'ambo. Boksi hilo bado mnalo. Ndani yake kuna kadi ya mtu wa theluji mwenye pua ya karoti. Theluji tunayo, iko juu ya Rwenzori, hata kutoka dirishani huonekana siku mawingu yakikubali, lakini sijamwona mtu wa Kasese aliyepanda huko na karoti. Kuna kadi ya mashine ya kuokea mkate. Kuna kadi ya mbwa aliyelala kitandani pamoja na mtoto, ambayo kila mama niliyemwonyesha aliitazama kwanza, kisha akanitazama mimi.

Pamoja na kadi ilikuja fomu. Fomu iliuliza kama mtoto humtazama mtu mzima machoni. Kwetu mtoto anayemkodolea mtu mzima macho huulizwa amelelewa na nani. Iliuliza kama mtoto hucheza kumlisha mdoli kwa kijiko, mahali ambapo mdoli ni gunzi la mahindi na kijiko ni cha mama. Nilijaza fomu hizo kwa bidii ya mtu aliyetoka kozini juzi. Weka alama ya ndiyo, weka alama ya hapana, jumlisha, andika.

Nusu ya watoto wangu wa mwanzo walitoka kambi ya jeshi. Hebu fikirini mtoto mwenye usonji, ambaye maneno kwake ni kelele mpaka ayapange mwenyewe, anazaliwa na mama Mlugbara na baba Mteso, jirani ni Mganda, shule ni ya Kiingereza, na nje uwanjani Kiswahili cha amri kuanzia alfajiri. Baba mmoja, sajini mrefu, alimleta binti yake wa miaka mitatu, akamsimamisha mbele yangu na kumwamuru, "Sema! Sema maji!" Mtoto akaziba masikio. Sajini akaongeza sauti. Mimi, badala ya kumzuia, nikachukua kadi ya bilauri na kumsaidia: "Sema maji, mama. Maji. Ma-ji."

Aliyetuokoa ni Afande Okello. Alikuwa askari zamani, mtu wa Lira, mguu wake ukaumia, akaishia kuwa msaidizi wa mazoezi ya viungo katika chumba kilichofuata. Hakuwa amesoma kozi yoyote ya usemi. Aliingia bila kubisha, akachechemea mpaka katikati ya chumba, akasema, "Afande, mutoto hii hapana askari yako. Kaa chini." Sajini akakaa chini sakafuni, na magwanda yake. Okello akanigeukia. "Na wewe, Musawo. Kaa chini. Hapana ongea."

Akachukua kikombe, akamimina maji kidogo sana, akampa mtoto. Mtoto akanywa. Okello akashika jagi akatulia kimya. Mimi nikafungua mdomo, naye akainua kidole bila kunitazama. Mkono wake mwingine ulikuwa mgongoni na nikaona vidole vinahesabu, moja, mbili, tatu. Alipofika kwenye nane mtoto akasukuma kikombe mpaka kikagonga jagi. Okello akammiminia.

"Amesema," akaniambia.

"Hajasema kitu, Afande."

"Amesema. Wewe ulikuwa unaongea, ndiyo hapana sikia."

Hiyo ndiyo elimu yangu yote, Biira. Kozi ya wiki sita ilinipa cheti, lakini kazi nilifundishwa siku ile kwenye sakafu ya stoo ya magodoro. Ukishauliza, hesabu hadi kumi moyoni kabla ya kuuliza tena. Mtasema ni rahisi. Jaribuni. Kufika nne mtakuwa mmeshatamka neno lile mara tatu na kumtikisia mtoto mdoli usoni. Mimi nilihitaji miaka miwili kufika saba.

Okello alirudi kwao na mimi nikabaki nikibishana na watu. Nilibishana na mabibi waliokuwa wanataka kukata kamba ya ulimi ya mjukuu kwa wembe, wakidhani ndiyo inayofunga maneno. Nilibishana na wachungaji, na baba mmoja wa Bwesumbu aliyeshuka mlimani kutwa nzima kuja kuniambia kwamba mkewe ndiye kiziwi. Nilibishana na wageni wa semina waliotuletea mabango ya Kiingereza yenye maneno "Zungumza na mtoto wako" ili tuyabandike mahali ambapo akina mama hawasomi Kiingereza. Katika mabishano yote hayo nilikuwa upande wa haki, na mtu anayezoea kuwa upande wa haki ni hatari. Ndipo wakaniongezea Bwera.

Nilikwenda Bwera siku za soko, kwa gari la hospitali likiwa na mafuta, na mara nyingi zaidi nyuma ya bodaboda kupitia Kisinga, vumbi mpaka kwenye meno. Nilipewa pembe ya chumba cha chanjo. Asubuhi ya kwanza akaingia mama mmoja mwembamba anayenuka samaki wa kukaushwa, na bibi mmoja mwenye uso wa kutotaka kudanganywa, na kati yao mtoto wa kike aliyekuwa anatembea kwa ncha za vidole na kuchezesha mikono mbele ya macho yake.

"Jina lake?" nikauliza.

"Masika," akasema mama.

"Na wewe?"

"Masika."

Nikamtazama bibi. "Na miye Masika," akasema, kana kwamba nilikuwa namtilia shaka.

Kwetu Bakonzo hili halishangazi mtu. Binti wa kwanza ni Masika, wa pili ni Biira, na hao watatu kila mmoja alikuwa wa kwanza kwa mama yake. Mimi mwenyewe ni Masika. Kwa hiyo katika pembe ile ya chumba cha chanjo tulikuwa Masika wanne, na mmoja wetu alikuwa na fomu mkononi. Fomu ikauliza: je, mtoto huitikia jina lake? Nikasimama nyuma ya mtoto kama nilivyofundishwa, nikaita, "Masika!" Mama akasema "Eee." Bibi akasema "Eee." Mtoto akaendelea kuchezesha mikono. Nikaweka alama kwenye hapana, na nakumbuka niliiweka kwa wino mzito. Sikujiuliza mtoto huyu amesikia jina hilo mara ngapi tangu azaliwe, na ni mara ngapi aliyegeuka alikuwa mtu mwingine.

Nikamuuliza mama anataka nini zaidi kwa mtoto wake. Swali hilo lilikuwa mwishoni mwa fomu na wengi hujibu kwamba wanataka mtoto aongee kama wenzake. Huyu alifikiri kwanza. Kisha akasema, "Musawo, miye sitafuti mutoto wa kuongea mingi. Anatoroka. Nikigeuka kidogo tu, ameenda. Nataka nikimuita, aitike, nijue iko wapi. Mayi iko pale chini."

Maji hayo aliyoyasema ni mto Lhubiriha, unaopita chini ya soko. Ng'ambo yake ni Kongo. Nikaandika: "Lengo: kuitika anapoitwa." Lilikuwa lengo zuri kuliko yote niliyowahi kuandika, na nililiharibu kwa mkono wangu.

Mtoto yule alikuwa na neno moja. Mama yake aliuza samaki sokoni, na wateja wake wengi walivuka kutoka ng'ambo. Walifika mezani wakauliza kwa Kiswahili chao, "Samaki iko?" Mama akajibu, "Iko." Kutwa nzima, iko, iko, iko. Mtoto alikaa chini ya meza akipanga mawe, na siku nilipokwenda kumtazama huko nilimsikia. Mteja akauliza, na kabla ya mama kujibu, kutoka chini ya meza ikatoka sauti nyembamba: "Iko." Wateja walicheka na kumpenda. Mimi nilitoa kalamu nikaandika kwamba anarudia neno bila maana, ni mwangwi tu, mama ashauriwe kumwachisha.

Kisha nikashauri. Mkuu wa chekechea moja ya hapo alikuwa ameniambia hawezi kumpokea mtoto asiyesikia Kiingereza. Kwenye daftari langu la kozi nilikuwa nimeandika kwamba watoto hawa wasichanganyiwe lugha. Nikaweka mambo hayo mawili pamoja nikapata upuuzi mmoja mkubwa. Nikamwambia mama kwamba nyumbani na sokoni aongee na mtoto kwa Kiingereza peke yake. Asitumie Lhukonzo, lugha yetu, wala Kiswahili cha soko, na ile "iko" aifute kabisa.

"Kizungu miye nayo ni kidogo, Musawo," akasema.

"Utajifunza," nikajibu, kwa moyo mkunjufu wa mtu anayeondoka saa kumi.

Alikuwa na maneno manne ya Kiingereza. Njoo, kaa, hapana, asante. Nikamwongezea sita kwenye karatasi, akaikunja akaiweka kwenye nguo kifuani. Na alitii, Biira, hilo ndilo linalonichoma mpaka leo. Angekuwa mbishi kama bibi, mtoto angenusurika na mikono yangu. Mama aliyekuwa akizungumza na binti yake kutwa, akimwimbia, akimkaripia, akimhadithia bei na umbea wa soko, alibaki na maneno kumi ya kukariri. Yalipokwisha, alinyamaza. Wateja walipouliza, aliwajibu kwa kutikisa kichwa ili mtoto asisikie neno baya.

Baada ya miezi michache mtoto aliacha kusema iko. Nikaandika kwenye faili: "Mwangwi umepungua. Maendeleo mazuri."

Bibi ndiye aliyekuja kunisema. Alinikuta natoa vitu kwenye begi, akasimama mbele yangu na fimbo yake. "Musawo, tangu ukuje, mu nyumba hamuna kelele. Mutoto ananyamaza, mama yake ananyamaza. Miye nakula na batu benye kunyamaza. Nani alikuambia kunyamaza ni dawa?" Nikamweleza kuhusu lugha moja, kwa subira, kama mtu anayeongea na mtu asiyesoma. Akanisikiliza mpaka mwisho, akatema mate nje ya mlango, akaondoka.

Siku niliyotaka kuwaeleza ilikuwa ya soko, kabla ya saa sita. Mvua ilikuwa imenyesha milimani usiku kucha na mto ulishuka mwekundu, umebeba migomba. Nilikuwa napita kati ya meza kumtafuta mama nimpe karatasi nyingine ya maneno. Nilipofika alikuwa amepiga magoti, kichwa chini ya meza. Mawe ya mtoto yalikuwa pale, yamepangwa mstari. Mtoto hakuwepo.

Soko zima likaanza kumtafuta, na watu wa soko hutafuta kwa mdomo. "Masika! Masika!" Sasa fikirini Bwera siku ya soko. Kila kona ikaitika. "Eee!" kutoka kwenye nyanya. "Nani ananiita?" kutoka kwenye vitenge. Akaja askari polisi, kijana wa mashariki aliyehamishiwa mpakani majuzi, na kipaza sauti chake cha mkononi, akaita kwa Kiingereza safi kwamba Masika aje hapa mara moja. Wakaja. Walisimama mbele yake Masika sita, mmoja na mtoto mgongoni, mwingine na kuku, wanauliza wamefanya kosa gani. Na mimi, Mungu anisamehe, nilikuwa nimegeuka pia. Hapo ndipo ile alama ya hapana niliyoiweka kwa wino mzito ilinijia mbele ya macho. Nilikuwa Masika tangu kuzaliwa, na ilibidi mtoto apotee kando ya mto uliojaa ndipo nielewe kwamba jina letu kwake lilikuwa la watu wote isipokuwa yeye.

Mama akanishika mkono. Hakupiga kelele. Alitoa ile karatasi kifuani, imelegea kwa jasho, akaniuliza, "Musawo, sasa nimuite na luga gani?"

Sijawahi kuulizwa swali baya kuliko hilo. Nikasema, "Muite kama mteja." Alinitazama kidogo tu, akaelewa kabla sijamaliza. Lakini kelele ilikuwa kubwa mno, na mimi nikakumbuka kidole cha Okello.

"Afande," nikamwambia polisi, "nyamazisha soko."

"Soko yote?"

"Yote."

Alikuwa kijana mtiifu na hiyo ni lugha aliyoijua. Akainua kipaza sauti. "Wote, nyamaza! Hakuna mutu kuongea! Zima pikipiki!" Soko likanyamaza, jambo ambalo sijui kama lilishatokea kabla. Tukasikia mto peke yake, nao ulisikika karibu kuliko nilivyotaka.

Mama akashuka kuelekea kwenye matete. Hakupaza sauti kama mtu anayetafuta. Aliuliza kwa sauti ya kawaida ya mteja aliyefika mezani na kikapu, "Samaki iko?"

Nikahesabu. Moja, mbili, tatu. Wanawake walikuwa wameziba midomo kwa viganja. Nilifika kumi, hakuna kitu. Mama akapiga hatua nyingine nne au tano, maji yakamfika miguuni. "Samaki iko?" Nikahesabu tena, na nawaambia kweli, nilitamani kupiga kelele, kwa jina, kwa Kiingereza, kwa lolote. Tano, sita, saba. Nilikuwa kwenye tisa.

"Iko."

Ilitoka kwenye matete upande wa kushoto, nyembamba, bila wasiwasi wowote. Alikuwa amekaa kwenye udongo ambao nusu yake ilikuwa imeshaliwa na mto, miguu ndani ya maji, anapanga mawe. Kama tungesubiri kelele ziishe zenyewe, sijui udongo ule ungemshikilia hadi lini.

Mama alimbeba mpaka mezani, akamkalisha, akamfuta matope kwa kitenge. Kisha akachukua ile karatasi ya maneno kumi, akaikunja vizuri, akaniwekea mkononi. "Musawo," akasema, "kizungu yako nimekurudishia." Bibi alikuwa amesimama nyuma yake na hakuongeza neno, na huo ndio wema mkubwa niliofanyiwa Bwera.

Jioni hiyo nikiwa Kasese nilifungua faili. Pale palipoandikwa "Maendeleo mazuri" nilikata kwa wino mwekundu mpaka karatasi ikatoboka. Uliniuliza tundu hilo ni la nini, Biira. Ni hilo.

Tulianza upya na neno alilokuwa nalo, kwa sababu ndilo alilokuwa nalo. Mama alirudi kuongea kama zamani, lugha zote, umbea wote. Tuliweka vitu kwenye beseni lililofunikwa kitambaa. Mama aliuliza, "Samaki iko?" na kufunua, na samaki yupo kweli. "Iko." "Kikombe iko?" "Iko." Wiki nyingi zilikuwa hivyo, iko kwa kila kitu, na mimi nikahesabu kumi mpaka nikaziota. Kisha siku moja mama aliuliza, "Sabuni iko?" na sabuni ilikuwa haimo, alikuwa ameisahau nyumbani. Mtoto akatazama ndani ya beseni. Akainua kitambaa, akatazama chini yake. Akasema, "Haiko."

Neno hilo hakulirudia kutoka kwa mtu aliyelisema wakati ule. Aliyauliza macho yake, yakamwambia, naye akatuambia sisi. Mama aliweka kiganja mdomoni. Mimi nilitoka nje nikasimama karibu na foleni ya chanjo nikalia, na nesi wa chanjo akadhani nimefiwa.

Baada ya hapo tuliweka mkono wake kifuani kwake. "Masika iko?" Hilo lilichukua karibu mwaka. Siku alipojibu alijigonga kifua mara mbili, na kuanzia siku hiyo mama yake aliweza kugeuka kumhudumia mteja. Akimkosa huuliza tu hewani, na jibu hutoka chini ya meza au nyuma ya magunia. Shule ilituumiza kichwa upya. Mkuu wa chekechea alitaka mtoto ajibu kwa Kiingereza anapoitwa kwenye rejista, na alinieleza hivyo mara tatu kana kwamba mimi ndiye nisiyesikia. Aliyetusaidia ni mwalimu wa darasa, binti mdogo tu, ambaye aliacha kuuliza ruhusa. Aliita watoto wote kwa Kiingereza, na alipofika kwa huyu aliita, "Masika iko?" Baada ya muhula mmoja darasa zima lilitaka kuitwa hivyo. Mkaguzi mmoja alikuja akaandika malalamiko, na najua malalamiko hayo bado yamo mahali fulani kwenye kabati.

Masika bado ana usonji na ataendelea kuwa nao. Ana miaka tisa, ana maneno ya kutosha kuomba chakula, kukataa viatu na kuuliza kama kitu kipo. Kuuliza ndiko kulikochelewa kuliko yote. Kwa miaka alijibu tu. Niliondoka kazini bila kumsikia akiuliza hata mara moja, na hilo lilikuwa limeniuma kuliko nilivyowaonyesha siku ya keki.

Sasa soma tena ulichoandika, Biira. Mtoto anasimama mlangoni, mahali ambapo kwa miaka mitano alinikuta nimekaa sakafuni. Anatazama ndani, haoni aliyemzoea. Anasema, "Musawo iko?" Hakuna aliyemjibu, kwa hiyo anasema tena, na tena. Umesema nyinyi mlimwambia kwa Kiingereza kwamba nimestaafu, mkamwonyesha picha ya mtu wa theluji.

Nimefikiria kupanda bodaboda kesho niende nikakae kwenye pembe ile ili niwe jibu mwenyewe. Nimevaa viatu, nimevivua. Wiki ijayo atasimama tena mlangoni, na ijayo nyingine, na mimi nitakuwa hapa Kasese na saa yenu ya ukutani. Yule mtoto nilimfundisha kutazama ndani ya beseni na kusema kweli. Sitaki kuwa sabuni inayosahauliwa leo na kuletwa kesho.

Kwa hiyo fanya hivi. Kaa chini, sakafuni. Mwache aulize. Mjibu mara moja, kwa sauti ya kawaida, bila kumwonyesha kadi yoyote: "Musawo haiko." Kisha weka mkono kifuani kwako na useme, "Biira iko." Halafu nyamaza, uhesabu mpaka kumi. Akiuliza, "Biira iko?" mwitikie.